Papa Kalenga, Sasa Tunaomba Injini Ikiwa Imezimwa

Papa Kalenga,

Usinikasirikie kabla sijamaliza. Nimegusa sala yako. Ndiyo, minye Solange, yule uliyemfundisha kukaza bolti bila kuivunja. Nimeigusa, na sijutii.

Tangu tukuzike hapa Likasi, kiti chako cha hangari hakuna anayekikalia. Tunakizunguka tu. Ndege yetu ni ileile moja, inapeleka dawa na wauguzi porini, inarudi na wagonjwa. Lakini nusura tuipoteze. Patron, mwenye ndege, alikuja kutoka Lubumbashi, hata kuketi hakuketi. Alisema mafuta yanakula kila kitu, na kama matumizi hayatashuka kabla ya mvua, ataiuza. Komanda Serge, rubani wetu, akatazama chini. Minye nikatazama kiti chako. Papa, nilikuwa na hasira na weye siku ile! Mtu anakufaje wakati kazi ndiyo inaanza?

Nililia kidogo nyuma ya mapipa, nikanawa uso, nikaanza kutafuta mafuta yanapopotelea.

Kwanza nilishusha sanduku lako la vyuma, lile lililosafiri nyuma ya ndege kila safari, sababu hukutaka injini ikusumbue porini ukiwa mikono mitupu. Tulilibeba watu wawili, tunahema. Uzito wote ule tulikuwa tunaulipia mafuta, kwenda na kurudi, na funguo za bolti tunazohitaji zinaenea kwenye mfuko mmoja wa turubai. Sanduku liko chini ya kiti chako. Nalipangusa kila asubuhi.

Halafu tukapunguza mapipa ya mafuta yanayoletwa hapa na lori kwa bei kali. Ndege ikipita Lubumbashi, ambako mafuta ni nafuu, inajaza kulekule. Inajaza ya safari na ya akiba, basi, sababu mafuta yenyewe nayo ni mzigo. Akiba ya usalama hatukuigusa. Hiyo uliniimbia mpaka masikio yakachoka.

Bado haikutosha. Hapo ndipo nilipofika kwenye sala.

Unakumbuka vile ilikuwa. Abiria wanapanda, Serge anawasha, weye unasimama kando, mkono juu, unaomba. Nilikuuliza siku moja kwa nini tusiombe kwanza. Ukacheka: "Mutoto wangu, siwezi bariki kitu yenye kufa. Bawashe kwanza!" Basi injini inanguruma, weye unaombea rubani, abiria, mabawa, shangazi za abiria, hata ng'ombe wasivuke uwanja wa kule. Na injini inakunywa. Ulipokufa tukaendelea vilevile kwa heshima yako. Tena tukarefusha, sababu kila mmoja alitaka kukutaja. Ndege ilikunywa bila kusogea hata kidogo, na sisi tumefumba macho.

Nikasema imetosha. Tunaomba kwanza, tunawasha baadaye. Eh, makelele yake! Muuguzi mmoja alinifokea mbele ya watu: "Unamupunguzia Mungu mafuta?" Habari ikafika mpaka nyumbani kwako. Mama Béa, mke wako, akaja uwanjani na teksi, bado na kitambaa chake cheusi kichwani. Nilijua ananijia minye. Sikurudi nyuma. Nikamwambia: "Mama, tukiendelea hivi ndege itauzwa, na hatutakuwa na kitu ya kubariki."

Alienda mpaka kwenye ndege ikiwa imezimwa, akaweka kiganja ubavuni mwake, pale ambapo weye hukuweza kupasogelea sababu ya upepo wa injini. Akaanza kuomba.

Papa, tulisikia kila neno. Miaka yote ile tuliona midomo yako inacheza tu ndani ya kelele, tukaitikia amina kwa kukisia. Mama Béa alikuwa anaisema sala yako, neno kwa neno. Kumbe ulikuwa unaifanyia mazoezi nyumbani ukinyoa ndevu! Baada ya rubani, kabla ya mabawa, akasema: "Na mutoto wangu Solange, Bwana, umupe mikono yenye haitetemeke."

Sikujua. Nilisimama miaka yote hatua chache tu kutoka kwako, na sikujua.

Mvua imeanza, na ndege iko hapa. Patron ameona matumizi yameshuka. Hakusifu, weye unamjua, alisema tu tuendelee. Nitaendelea. Sasa ninaangalia vile Serge anavyopanga njia zake, na atanisikia, apende asipende.

Pumzika, fundi wangu. Nakuahidi hii ndege haitauzwa nikiwa na nguvu. Na kila safari, kabla ya kuwasha, nitaweka mkono juu ya bati lake na kutaja jina lako kabla ya mengine yote. Nitalitaja kwa sauti ya chini tu. Litasikika.

Solange