Mafua ya Kila Pambano

Jumatatu, 3 Machi
Mafua tena! Pua imeziba, koo linawasha, na pambano la ngumi na Nyundo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mshindi anaingia timu ya taifa. Mara zote mbili aliponipiga nilikuwa naumwa hivihivi. Watu wanasema namwogopa. Mimi? Nimwogope yule?
Mjomba ndiye kocha wangu, na huruma hana. Kasema dawa ya mafua ni jasho. Kesho kilimani, na jaketi la nailoni juu.

Jumanne, 4 Machi
Nimetapika kilimani. Mjomba kapiga makofi!
Daktari wa klabu kaniita pembeni. Kasema mbio ndefu kila siku, bila kupumzika, huku ukijinyima chakula ili upunguze uzito, zinadhoofisha kinga. Askari wa mwili wanasinzia, vijidudu vinajikaribisha. Kauliza maji tunayanywaje. Nikamwonyesha chupa yetu — moja, inapita mdomo kwa mdomo baada ya mbio, ndiyo undugu wa klabu. Kashika kichwa. Ati mwili hoi, halafu mnagawana mate!

Jumatano, 5 Machi
Vita sebuleni. Nimemwambia Mjomba sikimbii mpaka nipone. Kanirushia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama akatoka jikoni na mwiko: huyu nimemzaa mimi, atalala. Mjomba kwa dada yake hana ubavu. Nimelala mchana kweupe. Raha!

Jumapili, 9 Machi
Pua imefunguka! Nakula bila aibu. Mazoezi mafupi, ya kasi, kisha kitandani. Nakunywa kwenye chupa yangu peke yangu. Wenzangu wamenuna, ati siku hizi nawaonea kinyaa. Imeniuma sana. Ila sirudi nyuma ng'o.

Alhamisi, 13 Machi
Klabu nzima inakohoa isipokuwa mimi! Mjomba sauti imekauka, anafundisha kwa ishara kama bubu. Kaniletea machungwa, kayaacha mezani, kaondoka. Samahani yake ndiyo hiyo. Nimeyala yote.

Jumamosi, 15 Machi
NIMESHINDA! Jamani, nimeshinda!
Raundi ya kwanza kanitandika, mdomo umevimba. Ya pili tukalingana. Ya tatu Nyundo akaanza kuhema mdomo wazi, mikono ikashuka, mimi pumzi ninayo tele. Nikamshindilia makonde hadi refa akaingia kati. Mama kalia, Mjomba kanibeba begani huku anakohoa. Timu ya taifa, mimi!
Sasa niko chumba cha kubadilishia nguo. Upande wa pili wa ukuta Nyundo anapiga chafya mfululizo. Kocha wake anafoka: uvivu huo, kesho alfajiri mlimani! Nyundo analia. Sikujua kama analiaga.
Nimemwambia Mjomba nataka kwenda kumwambia Nyundo apumzike, asikimbie. Kanitolea macho — una wazimu? Marudiano ni Juni, mwache aendelee kukimbia.
Daktari yuko mlangoni, anafunga mkoba wake aondoke. Nimeshamwita twende naye kwa Nyundo. Mjomba kanishika mkono, nami navuta —