Mkulima wa Mawe

Baba Tluway,

Mbaazi zimekomaa. Mvua ilichelewa, ikaja na ukungu wake, na hapa Daa asubuhi huioni nyumba ya jirani. Kaburi lako nililipanda maua, mbuzi wa kaka yako wakayala, nimepanda tena. Nimeanza na habari nyepesi kwa sababu inayofuata ni nzito kidogo: nina wivu, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Namwonea wivu Mama Neema.

Mumewe, Lazaro, ndiye aliyekuwa akikurudisha nyumbani wewe na wachonga mawe wenzako kwa lori la mawe, mpaka siku lilipomshinda kwenye mteremko wa kreta. Sasa kila mwezi Mama Neema anashuka Karatu mjini kuchukua pensheni ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, amejifunga kitenge kipya. Ananisalimia kwa upole, nami naitikia kwa upole, na moyoni nachemka. Hakuna aliyemuuliza mumewe alikufa kwa nini. Lori lilikuwa limelala pale magurudumu juu, watalii wakilipiga picha.

Wewe ulikufa kitandani, kwa kifua. Huku kwetu kila kitu ni kifua: baridi ni kifua, tumbaku ni kifua. Watu wanadhani fidia ni ya damu tu, na sivyo. Anayeumia kwa siku moja na anayeumia kidogo kidogo kwa miaka, sheria inawatazama wote, mradi kazi ndiyo iliyowaumiza. Vumbi la jiwe linalokatwa kwa mashine ni laini kuliko unga. Linaingia kwenye mapafu na kubaki humo, mapafu yanaota kovu juu yake, na kovu halivuti hewa.

Nakusikia: "Mwalimu, kipindi kimeisha." Hivyo ndivyo ulivyonikatiza kila nilipoeleza jambo, huku ukiipiga kofia yako kwenye mwimo wa mlango, vumbi likiruka, nyusi zako nyeupe. Nami nilikuwa nikikwambia, "Leo umezeeka mapema."

Kinachotukwamisha ni neno lako mwenyewe. Siku ya kwanza hospitalini, nesi alipouliza kazi yako, ulijibu, "Mkulima." Nilikuwa nimekaa kando yako na sikushangaa. Hapa Daa mwanamume mwenye shamba lake akiulizwa kazi atasema mkulima, hata kama mwaka mzima yuko kwingine. Mawe uliyaita kibarua, ingawa tajiri yule yule alikuajiri miaka yote na mawe ya kuta za hoteli za kule ukingoni mwa kreta uliyachonga wewe. Basi neno lile likaandikwa, likahama na wewe kutoka hospitali hadi hospitali. Ofisini kwa mfuko, nilikopeleka madai yetu, wameniambia kwa heshima, "Mama, mkulima wa shamba lake hana mwajiri." Tajiri naye anasema hakukumbuki. Na bila fidia hiyo, mwanetu Tluway harudi chuoni.

Dereva ni dereva hata akiwa na shamba. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Neema alinifuata. Nilidhani anakuja kunionea huruma, nikajiandaa kumjibu kwa ukavu. Akasema amesikia habari zetu. Akasema Lazaro alikuwa akilalamika kila wiki kwamba wewe, fundi wa mawe, unamchafulia kiti cha mbele, na kwamba yeye Mama Neema ndiye aliyekuwa akifua kitambaa cha kiti hicho, maji yakitoka meupe kama uji. Yuko tayari kwenda ofisini kulisema hilo, na amewatafuta wenzako mliokuwa mkipanda nao lori la Lazaro wakathibitishe.

Nilimshukuru. Kisha, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamwambia wazi kwamba nimekuwa nikimwonea wivu. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Mwalimu, wewe wako ulimnywesha uji. Ulimgeuza kitandani, akakuaga. Wangu alitoka akisema chai ni ya moto mno, ataikuta akirudi."

Nilimshika mkono, tukapanga siku ya kwenda ofisini.

Nisikudanganye, Baba Tluway, wivu haujaisha. Umehama tu. Pensheni siioni tena. Naona beseni la Mama Neema na yale maji meupe. Kwamba mwanamke mwingine alifua vumbi lako miaka yote hiyo, na mimi sikujua. Ungekuwepo ungenicheka mpaka ukohoe.

Koti lako la kazi bado linaning'inia msumarini. Sijalifua, na sasa nafurahi kwamba sikulifua. Jumatatu tunakwenda ofisini pamoja, mimi, Mama Neema na wenzako, na koti nitalibeba. Wakiniuliza kazi ya marehemu nitasema mchonga mawe, na nitalirudia hilo mpaka waliandike. Ukulima wako usiuhofie, mbaazi nitazivuna mimi.

Pumzika, mume wangu. Ila safari hii usinikatize. Kipindi hakijaisha.

Mama Tluway