Kifaransa cha Stoo ya Magodoro

Jumatatu, 12 Mei

Tumerekodi tena. Somo lilelile, kwa mara nyingine. Kwanza mashine ya kukoboa ya jirani iliwaka. Tukaanza upya, baba akaingia kutafuta godoro la mteja, akakohoa, akaomba radhi akiwa kaegemea kipaza sauti. Hii stoo ya magodoro ndiyo studio yangu. Hakuna mahali sauti inatulia hivi Mpanda mjini, ila joto lake halisemeki. Natoka nimelowa.

Nilisoma Kifaransa chuo kikuu, nikarudi nyumbani kuuza mashuka dukani kwa baba. Podikasti hii nawatengenezea wafanyabiashara wa mchele wanaovuka ziwa kutoka Karema kwenda Kongo. Wakifika kule wanababaika mbele ya kila mwenye kofia ya serikali. Baba anaiita "ile michezo yako".

Najua hawanisikilizi mimi. Wanamsikiliza Kalista. Anauza mchele kwenye kibaraza chetu, ameolewa Ilembo, na kwenye kipindi yeye ndiye mwanafunzi. Anakosea, anacheka, anarudia. Kicheko chake ndicho kinachowaleta. Nina wivu kidogo. Basi.

Jumatano, 14 Mei

Somo la familia. Mama, baba, shemeji, mkwe. Niliandika kila sentensi na majina ya kubuni. Kalista alifika kwenye "baba mkwe wangu anaitwa Joseph" akanyamaza.

Nilielewa. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata akiulizwa hospitali, anamgeukia mtu mwingine amjibie. Nikamwambia huyu Joseph hayupo, ni wa kwenye karatasi tu, sema twende zetu. Akafikiri. Akasogelea kipaza sauti akasema "Mon beau-père s'appelle", Kifaransa safi kuliko siku zote, na hapo akataja jina lenyewe. La mkwe wake hasa, mzee wa Ilembo. Si lile la ubatizo, lile la nyumbani. Kisha akacheka mpaka akaanguka juu ya magodoro.

Nikamuuliza kama nilikate.

"Liache, dada Zuhura. Kwa Kifaransa si mimi ninayesema."

Nimeliacha. Hatujawahi kurekodi kitu kizuri hivi.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikirusha kipindi jana. Simu haipumziki. Mtu wa Karema amekituma kwenye kundi la wenye maboti. Mwalimu mmoja wa Sitalike anataka vyote vilivyotangulia. Muuza nyama kanisalimia "bonjour" huku kashika panga. Wote wanarudia sentensi ile ya mkwe, pamoja na kicheko.

Siwezi kukaa. Nimepanga mashuka, nimeyapangua. Nataka kipindi kila siku. Nataka studio yenye feni. Nataka baba asikie. Kila kitu nakitaka leo.

Jumatatu, 19 Mei

Kalista hakuja. Kibaraza kitupu. Amekuja Patrisi, mumewe, na bodaboda yake hakuizima. Patrisi ni mtu wa kuuliza habari mpaka za paka. Leo hakunisalimia.

Kipindi kimefika Ilembo. Mtu alikifungulia kilabuni, mzee akiwa amekaa palepale. Watu wakacheka. Mzee akaweka kikombe chini, akaenda nyumbani, akaingia ndani. Tangu hapo hasemi na mtu. Mashangazi wa ukoo wakakaa, wakaamua Kalista arudi kwao Sibwesa. Amekwenda jana baada ya misa. Watoto wamebaki.

"Mke wangu kamtaja baba, nyie mnatuma kwenye magrupu mnacheka. Ulikuwa unamfundisha nini?"

Anataka nikifute na niombe radhi. Nikamjibu ovyo. Nikamwambia mimi nafundisha Kifaransa, adabu za ukweni hazimo kwenye somo langu. Akaondoka bila kugeuka.

Jumanne, 20 Mei

Hasira. Na Patrisi, na mashangazi, na mlevi aliyefungua simu yake kilabuni. Jina tu! Mtu kapewa jina ili aitwe.

Nikikifuta, nafuta kitu pekee nilichofanya vizuri tangu nirudi hapa. Nisipokifuta, mwanamke amelala mbali na wanawe kwa sababu yangu, na mimi nafurahia umaarufu. Kinazidi kusambaa. Nimetembea mpaka stendi, nikarudi. Sikuwa na shida yoyote stendi. Mchana nikaenda tena.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekifuta. Nimerekodi radhi. Sauti imetoka kama ya mtu anayetangaza mbuzi aliyepotea.

Wasikilizaji hawana habari na radhi yangu. Wanauliza, yule dada anayecheka yuko wapi? Ile rekodi ya mwanzo iko bado kwenye kompyuta. Hiyo sikuwa na moyo wa kuigusa.

Jumamosi, 24 Mei

Sibwesa. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta Kalista anapepeta mpunga uani kwa mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yeye akaanza na viatu vyangu. "Umekuja shamba au harusini?"

Nikaomba msamaha. Akaendelea kupepeta.

"Tangu niolewe nimelimeza hilo jina, dada. Siku ile nikalionja."

Hajutii. Alisema hivyo wazi, mama yake akasonya. Ila nilipomtajia watoto, ungo ukamshuka mkononi. Tukalia sote wawili, mama mtu akatuangalia kama tuna wazimu.

Mama ndiye aliyeniambia hali ilivyo. Mashangazi hawawezi kumrudisha. Patrisi hawezi. Anayeweza kusema "arudi" ni mzee peke yake, na mzee kafunga mdomo. Akiendelea hivyo mpaka mavuno yaishe, Patrisi atatafutiwa mke mwingine.

Nimerudi na hilo tumboni.

Jumanne, 27 Mei

Mzee amekuja dukani.

Nilimtambua kabla hajasema, Patrisi kafanana naye kila kitu. Kofia kaishika mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikampa kiti. Baba alikuwa msikitini. Niliogopa sana.

Akakaa. Akaangalia magodoro. Mwisho akauliza, taratibu, "Ile sauti ipo?"

Nikasema haraka kwamba nimeifuta, baba, nimeifuta kila mahali, haipo tena.

"Umefuta."

Hakuwa na hasira. Uso ulimwanguka. Akasema dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina hilo, na amemzika msimu uliopita wa kupanda. Wenzake wa rika walishatangulia. Kanisani wana jina lao. Nyumbani ni baba, ni babu. Pale kilabuni alilisikia, akadhani anaitwa. Akageuka. Ndipo watu wakacheka.

Nilikuwa mjinga kiasi gani. Sote.

Nikamwingiza stoo, nikamvalisha visikilizio vya masikioni, nikafungua ile rekodi niliyoibakiza kwenye kompyuta. Kifaransa hajui hata neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akanyoosha kidole, nirudie. Nikarudia. Tena.

Alipomaliza akavaa kofia yake. "Mwambie Patrisi akamfuate mkewe." Mlangoni akageuka, sauti ya ukali sasa, ya mkwe hasa. "Na asilitaje tena. Umesikia? Ni utovu wa adabu."

Nikasema ndiyo, baba.

Ijumaa, 30 Mei

Kalista yuko Ilembo. Kapeleka jogoo kwa mzee kupitia kwa shangazi, kama inavyotakiwa, na jogoo amepokelewa. Patrisi kapita kunisalimia. Kauliza na habari za paka.

Jumatano, 4 Juni

Tumerekodi somo la sokoni. Mashine ya jirani ilikuwa mbovu, kimya kizuri. Kalista alicheka, ila kwa kupima. Alisema mkwe wake siku hizi anakula vizuri, hajui kapatwa na nini.

Mchana, yeye alipokwenda kufuata magunia, mzee alikuja. Hatusemi mengi. Namwekea visikilizio na ile rekodi, natoka, nafunga mlango, nakaa dukani nauza mashuka mpaka atoke mwenyewe.