Vidonge vya Baba Neema

Chapwa, Jumanne 14 Mei 2013

Ni mimi niliyembembeleza mume wangu ameze vile vidonge vya kolesteroli. Daktari alisema imezidi kidogo tu, anaweza kuanza dawa au apunguze mafuta kwanza. Nikamkumbuka baba mkwe alivyoanguka ghafla shambani kwa ugonjwa wa moyo, nikasema aanze.

Daktari alisema pia dawa hiyo ikimletea maumivu ya misuli arudi upesi.

Leo asubuhi nimemwona akiinua paja kwa mikono miwili ili apande lori.

“Baba Neema, miguu inauma?”

“Uzee tu, mama. Ukimwambia bosi, utaendesha wewe.”

Akacheka, akavuka mpaka kuingia Zambia.

Akirudi Alhamisi nitampeleka mwenyewe kwa daktari. Nilikuwa nauhofia moyo wake. Sasa nauwaza mguu ule juu ya breki.