Kifurushi cha Senene Chini ya Kitanda Changu

Jumanne, mchana. Mvua ya usiku imekatika na senene, wale panzi wa kuliwa, wameshuka.

Nyakahanga nzima iko nje. Tangu kulipopambazuka wanawake wako migombani na vikapu, wanainama, wanacheka, wanasukumana. Hata wauguzi wa hospitali nimewaona wakikimbiza wadudu kwa kofia zao nyeupe. Mimi peke yangu nimefunga mlango, nimekaa kitandani, naandika. Chini ya kitanda kuna senene wa mwaka jana.

Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Daftari, wewe hujui habari hii, ngoja nikupe tangu mwanzo. Watu huniita Karani. Sijawahi kufanya kazi katika ofisi yoyote. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa vipande vya gazeti vilivyofungiwa chumvi dukani, ndiyo maana mpaka leo habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Ninawaandikia watu barua na anwani barazani kwa Mhindi. Wananipa mkungu wa ndizi, wengine mayai. Wateja wangu hawajui kusoma, kwa hiyo sijawahi kukosea.

Mwaka jana, msimu kama huu, Ma Zakaria alinijia na furushi la senene waliokaushwa. Ni mjane, na Zakaria ndiye mtoto wake pekee. Kijana alivuka mto Kagera kwenda Buganda kutafuta kibarua cha pamba, hajarudi.

Hapa kwetu mwanamke hukamata senene, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, lakini yeye hawali. Anamkamatia mwanamume wa nyumba, na mwanamume akishakula humnunulia gauni. Sijui nani aliyeipanga desturi hiyo, ila nahisi hakuwa mwanamke. Ma Zakaria hana mume. Wa kula senene wake ni Zakaria, na wa kumvisha ni huyohuyo.

Furushi alitaka kumpa Kaijage. Huyu Kaijage ni mtu wa Bugomora mwenye baiskeli. Hukusanya vifurushi vya watu kwa malipo, huvivusha mto, huwatafuta wenyewe mashambani mmoja mmoja, kisha hurudi na majibu mdomoni.

"Kaijage atamwona uso," alisema mama.

Nikacheka. Nikamwambia Kaijage hapiti penye pombe ya rubisi bila kuionja, na hana hata stakabadhi. Posta, nikamwambia, ina lakiri, ina muhuri, ina stempu yenye kichwa cha Mfalme wa Uingereza. Kifurushi kitapanda lori hadi Bukoba, kitapanda meli kuvuka ziwa, kitapokewa upande wa pili na mtu mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Zakaria alikuwa mwendo wa siku tano kwa baiskeli. Mimi nikawazungusha senene wake ziwa zima, na nikaona fahari.

Mama akakishona kwa kitambaa cha amerikani, mishono midogo midogo kama meno ya mtoto. Nikaandika jina la ubatizo juu yake, herufi zote nikazitia mikia. Stempu akanipa mimi nilambe. Alisema hawezi kumlamba mgongo mfalme ambaye hata hawajasalimiana.

Kiangazi kilipoingia, kifurushi kilirudi.

Mishono yote ilikuwa mizima. Juu yake palikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, neno la Kiingereza ambalo nililikusanya herufi kwa herufi mpaka likatoa maana: hakuna aliyekuja kukichukua. Posta ilikuwa imefanya kazi yake yote, siwezi kuisingizia. Lakini muhuri haukusema amekufa. Haukusema amehama, wala kwamba amekataa. Nikakigeuza kifurushi kutafuta maneno mengine. Hayakuwepo.

Muhuri huwezi kuuliza swali.

Nilipaswa kukibeba siku ileile nimpelekee. Nilikisukuma chini ya kitanda mpaka kesho yake, na kesho ile haijafika. Nilijiambia kwamba akikiona ataanza msiba, na pengine hakuna aliyekufa. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba nilicheka.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikikutana naye njiani nasema, "Shikamoo, Ma Zakaria," na jina la kijana linanitoka mdomoni kabla sijameza mate. Panya wamekula viatu vyangu, wamekula kitabu cha nyimbo za kanisani, lakini kifurushi kile wanakizunguka. Mwenyewe nimewaona, wanafika karibu, wanasimama, wanapinda kama watu wanaopisha kaburi. Nilikihamishia stoo ya kahawa. Harufu ikabaki chumbani, tena ikazidi. Nikakirudisha.

Mke wangu Asteria alisema, "Ama hicho kitoke, ama nitoke mimi." Mpaka sasa aliyetoka ni yeye, analala jikoni.

La kunimaliza ni kisimani. Wanawake wanamtania Ma Zakaria: "Mwanao amekula, amefuta mdomo!" Wanaimba, wanapiga makofi. Naye anacheka nao, na gauni lake lilelile, kiraka juu ya kiraka. Mimi nikipita hapo naangalia mawingu, kama mtu mwenye wasiwasi na mvua.

Leo asubuhi Kaijage ameegesha baiskeli barazani.

"Karani! Meli yako imefika, au bado inaogelea?"

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama huko anamwona Zakaria.

"Zakaria gani?"

"Mtoto wa Ma Zakaria. Mwenye sikio lililokatika ncha."

"Aa, Musoke! Sema Musoke, bwana. Kule hakuna Zakaria. Ukitaka wenyeji wakupe kazi na pa kulala, unavaa jina la kwao. Simama katikati ya pamba uite Zakaria mpaka koo likauke, hata yeye mwenyewe hageuki, ataogopa."

Nilikaa chini. Herufi zangu zote zile zenye mikia.

Kaijage akaendelea huku akifunga mnyororo wa baiskeli, hakuwa hata akiniangalia. Baada ya msimu wa senene kijana alikuja pale anapoegesha. Akachungulia kapu, akaenda zake. Safari iliyofuata akaja tena, akachungulia tena. Mara ya tatu akauliza, "Hakuna cha kwetu?" Kaijage akamwambia hakuna. Kijana akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Mwambie mama nimeelewa."

Hajaonekana tena.

"Ukamwambia mama?" niliuliza.

"Mimi nabeba mizigo, Karani. Maneno kama hayo yanapasua tairi."

Basi ndivyo ilivyo. Huku ng'ambo yetu mama anaambiwa mwanawe amekula akanyamaza. Kule ng'ambo kijana anaona mama amemsahau. Na kitu kinachowatenga nimekikalia.

Kuna mtu anapanda njia ya kwangu. Naona kikapu kupitia ufa wa mlango.

Jumanne ileile, jioni.

Alikuwa Ma Zakaria, matope mpaka magotini, kikapu kimejaa. Alikuja kuniuliza mwaka huu iwe posta au Kaijage. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Nyumba yako inanukia senene waliokaa," alisema. "Na leo ndiyo siku ya kwanza."

Nilifungua kinywa kumsingizia Asteria. Uongo ulikuwa tayari, safi kabisa, lakini haukutoka. Nikapiga magoti mbele yake kama mtu anayetubu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, ila mkono mmoja ulikuwa chini ya kitanda. Nikakivuta. Nikakiweka miguuni pake.

Akakifuta vumbi kwa kiganja. Akapitisha kidole gumba juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine, upande huu mpaka upande ule, hakuruka hata mmoja. Mimi nilisubiri kilio. Kilio kile nimekisubiri tangu kiangazi, nakijua hata sauti yake.

"Kumbe hakula," alisema.

Kisha akacheka. "Hakula! Mwanangu hakula!" Akakitupia kichwani juu ya kikapu, akaanza kutoka ili awahi wenzake kabla hawajatawanyika. Mlangoni akageuka.

"Na wewe Karani, miezi yote hiyo ulikuwa unakilalia tu? Hata kuku huangua."

Nilimkimbilia. Nikamweleza habari ya jina la Musoke, nikamweleza kwamba kijana alikuwa akija kuchungulia kapu. Mara ngapi, akauliza. Nikasema mara tatu. Akashika kiraka cha gauni, akakikunja na kukikunjua.

Lile neno "nimeelewa" sikumwambia. Lilitumwa kwake, lakini mwenye anwani ni mimi.

Sasa hivi anakaanga, harufu inapanda kutoka kwake. Mwaka huu ni Kaijage. Ushauri wangu haukuombwa. Nilijitolea kuandika jina jipya juu ya kitambaa, akanipokonya kalamu. Alisema kijana akiona mishono atajua mkono wa nani. Basi kifurushi kitakwenda na kitambaa cheupe kitupu, bila hata herufi moja. Kazi yangu ya kwanza isiyo na kosa.

Kaijage anaondoka kesho alfajiri. Nimemwomba niende naye. Amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema nyuma ya baiskeli pana nafasi ya kifurushi kimoja au ya karani mmoja.

Kifurushi kitapanda. Mimi nitatembea, nitawakuta.

Asteria amerudisha mkeka wake chumbani bila kusema neno. Nimechungulia chini ya kitanda mara tatu tangu kile cha mwaka jana kitoke. Pako patupu, pamebaki alama ya pembe nne kwenye vumbi. Sasa hivi panya mmoja amekatiza chumba. Alipofika pale akasimama, akapinda, akapazunguka.

Nitasimama Kaijage anapoegesha baiskeli, niangalie masikio ya kila anayepita. Nimekwisha panga hata nitakavyoanza: mimi ndiye niliyecheka, mama hakukusahau.

Na asipokuja tena kuchungulia kapu?