Nilivyotafsiri Tuzo ya Falone

Kasoki, nimetoka shuleni kwa mwanangu Falone sasa hivi. Usinipigie, siwezi kuongea.

Mwalimu mkuu aliniita jukwaani niwatafsirie kwa Kiswahili wazazi wenzetu wasiojua Kiingereza mafanikio ya mwaka. Nikatafsiri, nikajidai kweli.

Halafu akasema: “Tuzo ya mahudhurio, Falone! Mwaka jana alikosa siku arobaini, mwaka huu sita tu!”

Arobaini! Na mimi nilikuwa namshusha getini kila asubuhi, ndipo naenda kazini. AROBAINI!

Wazazi wananitazama, wanangoja. Nikawaambia: “Falone amepata tuzo ya hisabati.”

Wamama wakapiga vigelegele. Watoto wao, wanaosikia Kiingereza, wakavunjika mbavu.

Mwalimu mkuu akafurahi, akaniambia: “Wazazi wenzako wanathamini sana mahudhurio!”

Falone, ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza tu, akaninong'oneza kwa Kiswahili: “Asante, mama.”