Jino la Resiato na Safari Niliyoizuia

Nainokanoka,
Ngorongoro.
9 Juni 2024

Mpendwa shemeji Sairowua,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye ukungu. Habari za Tunduru, na za shule unayofundisha? Ile homa ya wakati wa Pasaka imekuachia kabisa? Usiniambie u mzima kwa sababu tu ndiyo desturi, niambie kweli.

Sisi tunaendelea. Mvua ilinyesha vizuri, majani yanafika magotini, na yule mtamba uliyenipa amezaa jike.

Najua mdogo wenu Nalangu amekupigia simu kuhusu dada yako Resiato kulazwa. Mengine nimeona uyasikie kwangu, mumewe. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningefupisha, na nikifupisha nitakuwa najificha.

Mwezi wa pili jino la Resiato la kutafunia, la chini kulia, lilianza kumsumbua. Akinywa chai ya moto anashika shavu. Alisukutua kwa maji ya mizizi ya kuchemsha, akameza dawa za dukani kwa Adrian, wapi. Mimi nikasema liking'olewa limekwisha. Yeye akataka kwanza amsikie daktari, basi tukaenda kliniki ya meno Karatu.

Daktari Brigita alilipiga picha, akatuonyesha. Kumbe ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya fahamu, na ya jino lile ilikuwa imeoza kupitia tundu dogo ambalo hatukuwahi kuliona. Lakini jino lenyewe lilikuwa na nguvu, lingeweza kubaki. Akamchoma sindano ya ganzi, akatoboa kwa juu, akasafisha ndani mpaka kwenye ncha za mizizi. Resiato aliniambia baadaye kwamba hakusikia maumivu. Kilichomchosha ni kuachama.

Jino likazibwa kwa dawa ya muda tu. Daktari akatutazama wote wawili. "Hatujamaliza. Maumivu yataisha, lakini jino halijapona. Rudini baada ya wiki mbili nilizibe moja kwa moja, halafu nilivishe kofia, maana jino la namna hii hupasuka upesi."

Wiki mbili zikafika. Barabara ilikuwa tope, na ndama wangu wawili walikuwa wanaharisha. Resiato alikuwa ameshatoa shuka lake la safari.

"Kesho tunaenda?" akaniuliza.

"Jino haliumi tena," nikamjibu. "Unaenda kutibiwa nini?"

Alikunja shuka akalirudisha. Shemeji, gari la Karatu lilikuwepo siku ile, tope na yote. Mimi ndiye sikutaka kuwaacha ndama.

Mwishoni mwa Aprili ile dawa ilimong'onyoka, na jino likapasuka akitafuna mahindi. Hakuniambia. Nafikiri aliona nilishasema la kusema. Siku chache baadaye aliamka uso umevimba mpaka jicho limefumba, mwili unachemka, mate hayamezeki. Adrian alifunga duka akatupakia kwenye gari lake, na njia nzima sikuthubutu kumwangalia dada yako.

Hospitali walimtundikia dripu, akalala siku tatu. Nilielezwa kwamba uvimbe wa namna ile ukishuka shingoni unaweza kuziba pumzi, na kwamba mtu akivimba hivyo hasubiri hata siku moja. Ulipopungua tulirudi kwa Daktari Brigita. Jino lilikuwa limepasuka hadi mzizini; halikuwa la kuokoa tena.

"Kwa nini hamkurudi?" akauliza.

Resiato, na mdomo wake ule usiofunguka vizuri, akasema, "Mvua."

Alikuwa ananifunika. Nikainua mkono kama mwanafunzi wako darasani, nikasema, "Si mvua, daktari. Mimi ndiye nilimzuia."

Hakunigombeza. Akachukua vifaa vyake akaling'oa.

Tuliporudi nyumbani nilimwomba dada yako radhi. Aliendelea kukamua. Kisha akasema, "Ungeniambia ndama wanaumwa, ningeelewa. Wewe uliniambia mimi siumwi."

Neno hilo ninatembea nalo mpaka leo. Sasa amepona, anatafunia upande wa kushoto, na wiki jana nilimsikia anaimba zizini. Lakini wewe ni kaka yake. Kama una la kuniambia, liandike lote, usinipunguzie kwa sababu ya heshima.

Nalangu ananiambia nawe una jino unalolituliza kwa vidonge. Vidonge vinanyamazisha tu, shemeji. Nenda ukaonwe, uulize kama linaweza kuokolewa, na watakapokupa siku ya kurudi, rudi, hata kama asubuhi hiyo unatafuna mifupa.

Nisalimie mkeo Sifa na watoto. Mama yangu Naserian anakusalimu, anauliza lini utakuja kuonja maziwa ya mtamba wako. Engai awalaze salama na awaamshe salama, nyote mliomo nyumbani humo.

Shemeji yako akupendaye, anayengoja jibu lako,

Ngoyai